Wifi Yangu na Kidonge cha Njano

Wifi yangu ni mkataji. Katika karakana yetu ya ushonaji wapo washonaji wengi, mimi mmoja wao, wapo wapiga pasi, wapo wa vifungo, lakini mkataji ni mmoja, na ndiye anayeweza kuharibu kazi ya wote kwa dakika tano. Mshonaji akikosea anafumua. Mkataji akikosea, imetoka hiyo. Ndiyo maana meza ya kukatia haipewi mtu kwa sababu ya sura nzuri. Wifi aliishika miaka kumi na tisa, na mkasi wake mkubwa hakuna aliyethubutu kuukatia karatasi.

Ameolewa na kaka yangu, na mimi nakaa kwao, chumba cha nyuma, kwa hiyo utani kati yetu ni halali asubuhi na jioni. Mimi namwita Jaji, kwa jinsi anavyokitazama kitambaa kabla ya kukihukumu. Yeye ananiita Redio, na karakana nzima imeyadaka majina hayo. Kaka ni fundi bomba, mtu wa maneno machache. Akitukuta jikoni tunashindana kusema, anakwenda zake bafuni kutafuta bomba la kutengeneza.

Mwaka juzi Jaji aliota rovu shingoni. Mwanzoni alilifunika kwa kitambaa cha shingo, nasi tukamtania kwamba amekuwa mwanamitindo. Lilipoanza kumkaba akimeza, alikwenda hospitali, wakampasua, tezi wakaitoa yote. Daktari hakuzunguka. Alimwambia tezi hiyo ndiyo iliyokuwa ikitoa homoni inayouendesha mwili, na kwa kuwa sasa haipo, kidonge ndicho tezi. Kila siku asubuhi, tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, halafu asubiri nusu saa kabla ya chai. Mpaka kufa.

"Kama ndoa," akasema wifi.

Kaka alikohoa.

Alianza na kidonge cheupe cha mikrogramu hamsini. Miezi kadhaa mambo yakaenda, ila damu ilipopimwa ikaonekana homoni bado ni kidogo. Daktari akampandisha hadi mia. Kidonge cha mia kilikuwa kidogo vilevile, ila cha njano. Tulikitazama tukakisifu. Kizuri kama kifungo cha nguo ya mtoto mchanga.

Wiki ya pili akaanza kujikuna.

Usidhani ni kujikuna kwa kawaida. Madoa mekundu yaliyovimba yalitokea mikononi, yakapanda shingoni kwenye kovu, yakashuka tumboni. Siku nyingine midomo ilimvimba kidogo, tumbo likajaa upepo mpaka sketi haifungiki. Pale mezani alikuwa akijikuna mgongo kwa rula ya mbao, chaki mkono mmoja, rula mkono wa pili, na macho yanamtoka machozi. Mtu mzima, fundi mkubwa, anajikuna kama aliyelala juu ya siafu! Niliumia. Nilicheka siku ya kwanza, sikatai, ila siku ya pili niliumia.

Akarudi kwa daktari. Akauliza kwa adabu zake, "Daktari, haiwezi kuwa hiki kidonge kipya?"

"Hapana, mama. Dawa ni ileile. Kilichobadilika ni kipimo tu." Akamuuliza anafanya kazi gani. Aliposikia karakana ya nguo, uso ukamkunjuka kama aliyepata jibu la fumbo. Vumbi la vitambaa hilo. Avae barakoa na glavu, anywe dawa ya mzio, na hali ikizidi afikirie kazi nyingine.

Kazi nyingine! Jaji alitoka mle ndani hana rangi. Mimi niliyemsindikiza ndiye niliyepandisha mori. Miaka kumi na tisa anakula vumbi la vitambaa, anapiga chafya za buluu na za kijani, lije limwashe leo? Vumbi limesubiri apandishiwe dawa ndiyo lipate hasira? Niliyasema hayo yote, ila niliyasema barabarani, maana mbele ya daktari nilikuwa nimeshika mkoba kimya kama mgeni.

Glavu alijaribu. Huwezi kukata kwa glavu. Kitambaa lazima kiguswe, vidole ndivyo vinavyojua nyuzi zimeelekea wapi. Bosi wetu, ambaye kwa siri tunamwita Bi Nusu Inchi kwa sababu anaweza kukurudishia gauni kwa nusu inchi, alimwona akizivua. Jioni alimwambia, "Mwanangu, angalia afya yako. Meza ipo tu." Kauli hiyo ilimtia wifi hofu kuliko ile ya daktari. Nyumbani hakula. Alisema akiondolewa pale mezani hajui atakuwa nani.

Hapo ndipo Redio nikashika mawimbi.

Nilikumbuka mteja mmoja, karani, aliyerudisha koti mara tatu akilalamika kwamba kitambaa kinamwasha. Sote tulimwona mkorofi. Jaji akalitazama lile koti, akasema kitambaa hakina kosa, ni bitana, kile kitambaa cha ndani. Akaling'oa lile bitana linalong'aa, akatia la pamba, na karani hakuonekana tena mpaka alipotaka suruali.

"Wifi!" nikapiga meza ya jikoni, chai ikamwagika. "Dawa ni ileile, sawa. Lakini bitana ni jingine! Cheupe hakikukuwasha. Cha njano kinakuwasha. Kuna nini kwenye cha njano ambacho hakimo kwenye cheupe?"

Akanitazama. "Rangi," akasema polepole.

"Basi! Siyo chakula, unakula kilekile cha kila siku. Siyo vumbi. Ni rangi."

Jamani, nilikuwa sahihi. Mpaka leo najisifu kwa hapo, maana baada ya hapo hakuna cha kujisifia. Ningenyamaza, au ningesema turudi hospitali na hoja hiyo, leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini mimi ni mshonaji, na mshonaji akikuta kitambaa kinachochuja rangi anajua la kufanya. Anakiloweka. Unatia maji na chumvi kidogo, unaacha rangi ya ziada itoke, unamwaga maji, unakausha, unakata. Hakuna mteja atakayekuja kulalamika kwamba kola imechafua shati.

"Tukiloweke," nikasema.

Wifi alisitasita. Aliuliza kama ni salama. Nikamjibu kwa sauti ya mtu aliyesomea: kitambaa kikilowekwa si kinabaki kitambaa? Rangi inakwenda, kitu chenyewe kinabaki. Naye alikuwa amechoka kujikuna, na anayezama hushika hata unyasi. Akakubali.

Kila asubuhi mimi ndiye niliyekuwa naandaa kisahani. Maji, kidonge, chumvi chembe mbili tatu. Kidonge kilivimba, kikamomonyoka, maji yakawa ya njano yenye ukungu. Namwaga yale maji kwenye sinki, polepole, kwa ustadi, na ule unga uliobaki chini wifi anaukomba kwa kijiko, anameza, anakunja uso. Nusu saa, halafu chai.

Na kuwashwa kukaisha! Siku ya sita madoa yalianza kusinyaa, wiki ya pili ngozi ikarudi ngozi. Nilitembea mle karakanani kifua mbele. Nilimwambia mpiga pasi kwamba kuna watu wamekalia vyeti bure. Kwa kaka hatukusema kitu. Yeye huwa anaheshimu sana maandishi, angesoma karatasi ya dawa mpaka mwisho na kutuharibia furaha.

Mwezi ukapita. Wifi akaanza kuvaa sweta. Watu tunatoka jasho, yeye kavaa sweta na soksi. Nikasema labda mafua. Akaanza kulala, yaani anakaa kwenye kiti jioni, ukimaliza sentensi kumbe unaongea na mtu aliyesinzia. Sauti ikawa nzito, ya kiume kidogo. Nikamtania kwamba kaka amepata mwenzake wa kunong'ona naye, akatabasamu baada ya muda mrefu, kama utani ulisafirishwa kwa miguu. Uso ukamjaa. Nywele zikabaki kwenye kitana. Hakuwa anajikuna, kwa hiyo mimi nilihesabu kwamba amepona. Usilolijua ni kama usiku wa kiza, na mimi nilikuwa nimezima taa mwenyewe.

Kisha ikaja kazi ya majaketi arobaini ya walinzi. Kitambaa kizuri, kizito, chenye uso na mgongo, huwezi kukigeuza. Majaketi ya namna hiyo yanakatwa kwa kupanga kitambaa tabaka juu ya tabaka, nyuso zote juu. Unakata kipande cha mbele cha kulia, halafu unaigeuza karatasi ya kipimo na kukata cha kushoto. Kugeuza karatasi. Mwanafunzi wa wiki mbili anajua.

Jaji hakuigeuza.

Nilivuta vipande viwili nianze kuunga jaketi la kwanza, vikakataa. Nikavuta vingine. Nikavipanga juu ya cherehani, nikageuza, nikapindua, jasho likanitoka. Vipande themanini vya mbele, vyote vya kulia. Walinzi arobaini wenye upande wa kulia tu! Mpiga pasi alianza kucheka, akamwona Bi Nusu Inchi anakuja, kicheko akakimeza.

Bosi hakupiga kelele, na hilo ndilo baya. Alishika vipande viwili, akavilinganisha, akamtazama wifi. Wifi alikuwa amesimama pale na sweta lake, anaviangalia vile vipande kama anasoma maandishi ya lugha asiyoijua. "Niligeuza," akasema. "Nakumbuka niligeuza." Alikuwa anasema kweli yake. Kichwani mwake aligeuza.

"Nenda hospitali," bosi akasema. "Leo. Na usirudi kwenye meza mpaka nijue una nini." Akageuka kwangu. "Redio, wewe utakata."

Nikapewa ule mkasi. Sitaficha, moyoni palikuwa na kafuraha kadogo. Ndiyo. Wifi yangu anatoka mlangoni ameshikiliwa na mpiga pasi, na mimi najisikia mkubwa. Binadamu ni mchafu.

Saa ya chakula niliuweka mkasi, nikaenda hospitali kumpokea mpiga pasi. Kaka aliacha bomba la watu linavuja, akaja kutukuta huko. Damu ikachukuliwa. Majibu yalipotoka daktari aliyasoma mara mbili, akauliza kama mgonjwa amewahi kumeza dawa hata siku moja. Wifi akaapa kwamba anameza kila siku. Hali ile, akasema, ikiachwa iendelee mtu anazidi kupoa na kulala mpaka siku moja haamki. Aliyasema hayo huku anaandika. Akaandika dawa ileile, ya njano, akasisitiza asiache.

Dirisha la dawa lilikuwa na mfamasia mwanamke, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Alisoma karatasi, akamtazama wifi usoni, akauliza, "Mama, unazimeza vipi hizi? Nieleze kuanzia unapoamka."

Wifi akaeleza. Kuwashwa, kisahani, maji, chumvi, kijiko. Mfamasia alivaa miwani, akaivua, akashika kichwa.

"Chumvi?"

"Ya kutoa rangi," wifi akasema.

"Nani alikushauri hivyo?"

Kaka alikuwa amesimama nyuma yetu. Nilisikia anavyopumua. Nilifungua mdomo, na wifi akawahi, kwa ile sauti yake nzito: "Nilijitungia mwenyewe."

Nikaufunga mdomo.

Mfamasia alitueleza taratibu, hakutucheka. Kwenye kidonge kile, alisema, dawa yenyewe ni chembe ndogo mno, huwezi hata kuiona. Kinachoonekana ni vijazio: wanga, sukari ya maziwa, gundi ya kushikisha, na rangi ili watu wasichanganye vipimo. Kidonge kikimomonyoka, dawa inatawanyika kwenye maji pamoja na rangi. "Mlikuwa mnamwaga dawa kwenye sinki, na mama anakula wanga uliobaki." Halafu akaongeza, "Lakini kuhusu rangi hamkukosea. Wapo watu wachache vijazio vinawakataa. Cheupe kilikuwasha?"

"Hata kidogo."

Akafungua boksi la zile nyeupe, akatoa karatasi yake, akapitisha kidole kwenye mistari. Hakuna rangi. Akatutazama juu ya miwani. "Hamsini mara mbili ni ngapi?"

Watu wazima watatu, mmoja anapima bomba, wawili wanapima nguo, tumesimama dirishani tunaona aibu ya hesabu ya darasa la kwanza. Akampigia daktari simu, wakazungumza, karatasi ikabadilishwa: vyeupe viwili kila asubuhi, vizima, kwa maji. Akamwonya wifi kwamba kila akipewa boksi la kiwanda kingine asome kwanza karatasi ya ndani, maana cheupe cha huku kinaweza kuwa cha rangi kule, na damu ipimwe tena baada ya wiki sita.

Njiani kaka alisema jambo moja tu, na kwake hiyo ni hotuba. "Mke wangu, ukiona neno, niambie." Wifi akasema sawa. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Nilijiambia nitasema kesho. Kesho ikawa na kazi nyingi. Majaketi yalihitaji kitambaa kingine, na mimi ndiye mkataji. Keshokutwa nikajiambia nisimsumbue mgonjwa. Halafu nikaona amenikinga kwa hiari yake, kwa upendo wa mawifi, na kusema sasa ni kuuharibu wema wake. Ukitaka sababu ya kunyamaza, utazipata nyingi.

Alipona polepole. Wiki ya tatu sweta likavuliwa. Wiki ya tano sauti ilirudi, na ngozi haikutoa hata doa. Damu ya wiki ya sita ilikuwa nzuri, ya wiki ya nane nzuri zaidi. Kila asubuhi tuliketi jikoni, yeye anameza vyeupe vyake viwili, tunasubiri nusu saa ipite. Zamani nusu saa hiyo ilikuwa ya umbea. Siku hizo alikuwa ananitazama tu, na mimi naongea kuhusu hali ya hewa.

Mle karakanani alikuwa anashona vifungo. Mimi nilikata. Na nilikata vizuri, jamani, hilo nalo ndilo tatizo. Sikuharibu hata kipande kimoja. Nilianza kuizoea meza, nikaanza kuwakemea watu wasiniwekee vikombe.

Wiki ya tisa Bi Nusu Inchi alituita sote wawili asubuhi, kabla mashine hazijawashwa.

"Jaji, umepona, namshukuru Mungu," akasema. "Lakini nitasema kweli. Ulinieleza mwenyewe habari za kisahani. Mtu anayejitungia namna ya kunywa dawa, kesho atajitungia na namna ya kukata. Siwezi kukaa na wasiwasi huo. Utakagua nguo zilizokwisha, kazi nyepesi, kivulini. Meza nampa Redio, moja kwa moja."

Wifi akasema, "Sawa, mama." Akainamisha kichwa, na nikaona vidole vyake vinausugua ukingo wa meza, pale alipoegemea miaka kumi na tisa mpaka rangi ya mbao ikatoka.

Nilikuwa nimeshika mkasi. Nilikuwa nimesubiri neno hilo, nisidanganye, nilikuwa nimelisubiri. Na nikasikia mdomo wangu unasema, "Ni mimi."

"Ni wewe nini?" bosi akauliza.

"Niliyetunga. Kisahani, chumvi, maji, kila kitu. Mimi ndiye niliyekuwa natengeneza kila asubuhi kwa mkono wangu. Yeye aliuliza kama ni salama, nikamwambia ni salama. Pale dirishani alinificha, nami nikajificha."

Bosi alinitazama kuanzia juu mpaka chini. Mpiga pasi aliiacha pasi juu ya shati, nikasikia harufu. Wifi hakushangaa. Aliinua uso polepole.

"Kosa la dawa nilikusamehe siku ileile," akasema. "Kichwa kilichokubali ni changu, na mdomo uliomeza ni wangu. Nilikuficha kwa sababu kaka yako alikuwa amesimama pale, nikajua utamwambia mwenyewe kabla ya jioni. Kuwashwa nilivumilia. Ule ubaridi nilivumilia. Lakini kukaa na wewe jikoni kila asubuhi, wiki tisa, nakungoja useme, wifi yangu, hilo liliniumiza."

Machozi yalinitoka mbele ya watu wote na sikuyafuta. Niliulaza mkasi juu ya meza, mpini ukamwelekea yeye, nikasogea pembeni. Bosi naye akampisha. Wifi akauchukua, akaufungua, akaufunga, akavuta kitambaa cha siku hiyo karibu yake.

"Sasa nenda," akasema, macho yakiwa kwenye kitambaa. "Kamwambie na kaka yako."